Kilo Sitini na Nane

Kikundi chao kilikuwa na pikipiki tisa na wanachama kumi. Huyo wa kumi hakuwa na pikipiki wala leseni, lakini kadi ya uanachama alikuwa nayo, na kwenye vikao alipiga kelele kuliko wote. Walimwita Breki. Alikuwa mke wa Miwani, fundi wa kukata vioo vya miwani, na kwa miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya mumewe akimgonga begani. Akigonga mara mbili, punguza mwendo. Akigonga mara tatu, simama, nataka kunyoosha miguu. Kugonga kwa maana ya ongeza mwendo hakukuwepo. "Mwenye haraka atafute mke mwingine," alikuwa akisema.

Breki alifariki mwezi wa tatu, baada ya kuugua majuma sita tu. Jamani, watu wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema tu, wengi wao hawajawahi kuona. Miwani aliona. Nesi, mwanamke mwenye sauti ya kikohozi ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, alikaa na mgonjwa zamu zisizo zake. Tani, mwoka mikate mwenye mwili wa kumtosha yeye na jirani yake, alilala sebuleni juma zima ili mfiwa asiamke kwenye nyumba tupu. Na Spana, makanika mwembamba, mbishi tangu tumboni mwa mama yake, aliosha vyombo vya msiba mzima peke yake. Hakutaka msaada, kwa sababu, alisema, watu hawajui kusuuza.

Kila Miwani alipofungua mdomo aseme asante, aliufunga tena. Akaishia kutikisa kichwa, nao wakajifanya wameelewa.

Sasa, Breki alizikwa kwao, karibu na kaburi la baba yake, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Njia hiyo mtu na mkewe waliijua kama kiganja cha mkono, maana kila Jumapili ya mwisho wa mwezi walikwenda kumsalimia mama yake Breki. Bibi yule alikuwa na sikio kali. Pikipiki ikifika njia panda tu, yeye huku ameshabandika maji ya chai. Lakini tangu mazishi, Miwani hakuwa amekanyaga kule. Mwezi wa kwanza ukapita. Wa pili ulipokaribia kwisha, simu ikalia.

"Mwanangu, Jumapili ya mwisho unakuja?"

"Nakuja, mama. Natafuta mwenye gari anilete."

"Gari sitaki mlangoni kwangu. Gari ndilo lililoniletea mwanangu amelala. Njoo na pikipiki yenu, niisikie kutoka njia panda kama siku zote. Nikiisikia nitajua hujanitupa."

"Nitakuja nayo, mama. Haki ya Mungu."

Haya, ameshaapa. Kuapa ni kazi ya ulimi, na ulimi hauna mfupa. Kazi ilikuwa kwenye pikipiki.

Mwaka ule walipooana, Miwani aliikaza springi ya nyuma iwe ya kubeba watu wawili. Breki alikaa kwenye siti anatafuna karanga, na yeye amepiga magoti chini anazungusha pete ya springi, taratibu, mpaka pikipiki ikakaa sawasawa. Pete ile haikuwa na namba wala alama. Breki akatoa chupa ya rangi ya kucha mkobani, nyekundu, akaipiga mstari. "Hapa ndipo nilipo mimi," akasema. "Atakayegusa amenigusa." Na haikuguswa.

Basi Jumatano asubuhi, kabla ya kufungua duka, Miwani akapiga moyo konde, akaitoa pikipiki uani. Springi iliyokazwa kwa wawili ikibeba mmoja, inarusha. Tuta la kwanza lilimnyanyua mzimamzima. Alipoliona la pili, alingoja kugongwa begani. Ndiyo, alingoja, mtu mzima na akili zake. Hakuna aliyemgonga. Akaliingia tuta na mwendo wake wote, akanusurika kutumbukia mtaroni.

Alisimama kando ya barabara, akazima injini. Kisha akaisukuma pikipiki kwa miguu hadi nyumbani, akatundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, kando ya helmeti ya Breki. Akampigia Nesi.

"Nauza pikipiki."

"Na mama wa watu anayekungoja?"

 Miwani alikata simu, akaenda kukata vioo vya wateja, na siku hiyo aliharibu vitatu.

Habari zikamfikia Spana. Na Spana, ukimwambia mtu ana huzuni, yeye anauliza kelele inatokea upande gani. "Huo si woga," akasema, "ni springi. Mtu mmoja amekalia springi ya watu wawili, unategemea nini?" Alhamisi akaenda nyumbani kwa Miwani wakati mwenyewe yuko dukani. Ufunguo wa geti ulikaa chini ya tofali, kila mwanachama alijua. Akalegeza pete mpaka pikipiki ikawa laini, ya kubeba mtu mmoja. Alipokuwa anamaliza akaona mstari mwekundu. Makanika wana desturi ya kupiga rangi kwenye nati waliyokwisha kuikaza, ili wasiirudie. Spana akadhani ni alama ya gereji nyingine, tena ya mtu mchafu. Akachukua tambara lenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akafuta, akasugua mpaka pete ikang'aa.

Halafu akakaa kizingitini, akingoja kusifiwa.

Miwani alirudi saa kumi na moja, akaiona pikipiki, akainama. Akaipapasa pete kwa kidole.

"Palikuwa na mstari hapa."

"Ule mwekundu? Nimeufuta. Fundi gani yule, anapaka rangi kama anapaka ukuta!"

"Spana."

"Naam, kaka."

"Toka kwangu."

"Kaka, nime..."

"Umemtoa mke wangu kwenye pikipiki! Toka! Toka nisikuone!"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia Miwani akipaza sauti. Spana alitoka bila hata kuokota spana zake. Lakini hakwenda mbali. Alikaa chini nje ya geti, mgongo ukutani, kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Miwani alimtazama kupitia dirishani. Akazunguka chumbani, akarudi, bado yupo. Akanywa maji, akarudi, bado yupo. Akaviangalia vikombe kabatini, vile vile vilivyosuuzwa na yule mshenzi wakati wa msiba, mara mbili mbili, kimoja kimoja. Mwishowe akatoka, akakaa naye chini, akamweleza habari ya karanga na chupa ya rangi ya kucha.

Spana alijifunika uso kwa mikono yenye grisi. "Kaka, mimi ni mpumbavu."

"Mpumbavu, ndiyo."

"Nitairudisha pale pale ilipokuwa."

"Utairudisha vipi na haina namba? Maji yakimwagika hayazoleki."

Spana akatoa mikono usoni. Sasa alikuwa makanika tena. "Hebu niambie. Bibie akiwa amekaa nyuma, mkasimama, miguu yako ilikuwa inagusaje chini?"

Miwani akafikiri. "Visigino vyote viwili. Asipokuwepo, vidole tu."

"Basi mahali pa pete patapatikana! Nitafutie mtu mwenye uzito wake."

Jumamosi mchana kikundi kizima kilijazana uani. Swali likawa moja: Breki alikuwa na kilo ngapi? Mwenyewe, enzi za uhai wake, alisema hamsini na tano, na alisema hivyo hivyo miaka kumi na tisa. Wote wakamgeukia Nesi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpima kliniki, hata kabla ya kuugua.

"Siri ya mgonjwa haitoki mdomoni mwangu," alisema Nesi.

 Nesi akaingia ndani, akarudi na mizani ya chumbani, akaiweka chini.

"Lakini mizani haijala kiapo. Pandeni mmoja mmoja. Mimi nitasema 'bado' au nitasema 'hapo'."

Tani akapanda. Mshale ukakimbia kama unafukuzwa. "Wewe shuka," alisema Nesi, "tulishapita hapo zamani." Watu wakaangua kicheko. Spana akapanda. "Bado." Wakampa begi lake la spana alivae mgongoni. "Bado kidogo." Wakaongeza nyundo.

"Hapo," alisema Nesi, na sauti yake ya kikohozi ikakwaruza.

Miwani akainama asome. Sitini na nane. Akainua kichwa, akawatazama wote. "Hamsini na tano!" akasema. "Miaka kumi na tisa ananiambia hamsini na tano!" Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Tani alilazimika kugeukia upande wa pili ajifute macho kwa aproni.

Spana akapanda nyuma na begi lake na nyundo yake, Miwani akakaa mbele, Tani akalala chini kuzungusha pete huku akitukanwa na Spana kutoka juu. "Taratibu, hukandi unga hapo!" Tani akaikaza mpaka visigino vya Miwani vikanyanyuka, kisha akailegeza kidogo kidogo, kidogo kidogo, hadi vikatua. Vyote viwili.

"Hapo hapo," alisema. "Msiguse."

Akaingia chumbani, akafungua mtoto wa meza wa mkewe, akatoka na kile kichupa. Rangi ilikuwa imeganda. Spana, bila kumtazama mtu, akadondosha humo matone mawili ya thina. Miwani akapiga mstari mwenyewe, kwa mkono ule ule unaokata vioo, na mstari ukanyooka.

Ikabaki shida moja. Springi ya wawili inataka wawili. Na Spana alikuwa amekula kiapo tangu ujana kwamba hatapakiwa na mtu. "Nitabebwa siku moja tu," alikuwa akisema, "na siku hiyo sitajua." Jumapili asubuhi, pikipiki zilipopangwa barabarani, watu wakahesabu nane. Ya Spana ilibaki kwake. Yeye alikuja kwa miguu, begi mgongoni, uso umekunjamana.

"Mtu asiseme neno," alisema, akapanda nyuma ya Miwani.

Hakumgonga begani hata mara moja. Hilo alijua si lake. Badala yake alipiga kelele. "Tuta hilo! Jingine! Shimo! Mama yangu mzazi, kaka, unaniua na watoto wanne!" Miwani alipunguza kila alipoambiwa. Pikipiki ilikaa barabarani kama zamani, nzito, tulivu, na nyuma yake zilinguruma saba. Njia nzima alikuwa akijiambia, hawa watu wangekuwa wamelala saa hizi.

Walipokata njia panda, bibi alikuwa tayari mlangoni. Moshi wa jiko ulikuwa unatoka nyuma ya nyumba.

"Nimewasikia," alisema, akamshika Miwani mashavu kwa mikono miwili. "Nimekusikia, mwanangu. Nilijua ni wewe. Na huyo kijiti nyuma yako ni nani?"

"Ni mzigo, mama," alisema Spana.

Wakanywa chai na mikate ya Tani, wamejaa barazani hadi kwenye ngazi. Hapo ndipo Miwani aliposimama na kikombe chake. Hakuwa mtu wa hotuba. "Mlinilalia sebuleni," alisema. "Mkaniuguzia mke. Mkanioshea vyombo. Mmenibebea mpaka uzito wake. Sikusema asante kwa sababu niliogopa nikianza nitalia. Haya, nalia. Asanteni. Asanteni sana." Hakuna aliyejua atazame wapi. Nesi alikohoa.

"Spana," akaendelea Miwani, akijifuta, "lete vyombo vyako. Ilegeze sasa. Nimefika, na kurudi nitarudi peke yangu, wewe utapanda na Nesi. Mstari utabaki tu, ila ilegeze."

"Mnalegeza nini?" akauliza bibi.

Miwani akamweleza: springi ilikazwa kwa uzito wa binti yake. Bibi akaweka kikombe chini. Akatembea hadi kwenye pikipiki, akaipapasa siti ya nyuma kwa kiganja, polepole, toka huku hadi huku.

"Iacheni kwanza," alisema. "Mwanangu alikuja hapa miaka kumi na tisa amekaa juu ya kitu hiki. Kila nikimwambia panda basi, mwanangu, ananicheka. Nataka nijue alikuwa anaona nini. Nipeleke kaburini kwake na hii."

"Mama! Mkwe ampakie mama mkwe?"

"Nitashika koti lako, sitashika kiuno. Nipeni kofia."

Helmeti ya Breki, ambayo Miwani alikuja nayo, ilikuwa imefungwa kwenye usukani. Nesi akamvalisha, akamkazia mkanda wa kidevu. Spana akamzunguka bibi, akamkadiria kwa jicho.

"Samahani, mama, una kilo ngapi?"

"Hamsini na tano."

Walitazamana wote.  Spana alivua begi lake, akatoa nyundo, akarudisha nyundo, akamvisha bibi begi mgongoni ili uzito utimie.

Kaburi lilikuwa mwisho wa njia ya vumbi, nyuma ya shule. Miwani aliondoka kama amebeba mayai, wenzake wakimfuata. Visigino vilikuwa vimetua vyote viwili, na kioo cha pembeni kilimwonyesha kofia ile ile, mahali pale pale. Hawajafika hata nusu ya njia, akagongwa begani. Mara mbili.

 Akapunguza mwendo.

Akagongwa tena, mara mbili, kwa nguvu.

"Mbona unapunguza?" bibi akapiga kelele sikioni mwake.

"Si umegonga, mama!"

"Nimegonga uongeze! Tutafika lini hivi? Mwanangu alikuwa mwoga, woga aliurithi kwa baba yake, kwangu hakuutoa!"

Miwani akacheka, machozi yakimtiririka ndani ya kofia, na nyuma yake pikipiki saba zikapiga honi. Akaongeza mwendo.