Chakula cha Fundi Gulzar

Siku ile mpumbavu alikuwa Awadh. Mwenyewe hakatai. Ukimkuta dukani kwake Hamriya, anapouza mabomba na matangi ya maji, atakusimulia bila ya kupunguza neno, na atacheka kabla yako. Lakini akifika pale kwenye hotipoti kicheko hukatika, akaanza kupanga mabomba ambayo yamekwishapangwa.

Mambo yalianza na pikapu ya marehemu baba yake, Bwana Zahor. Gari kongwe, ilinunuliwa Awadh hajaanza skuli. Rangi yake hapo awali ilikuwa kijani, halafu kila fundi akaongeza ya kwake. Mlango wa abiria ulikuwa ukifunguka kwa nje tu, na kioo kikipandishwa kwa kiganja. Kutoka nyumbani Amerat kwenda Hamriya kuna mlima wa kuvuka, na gari ile ikifika katikati ya mlima ilikuwa lazima ichemke. Awadh husimama ukingoni, akafungua boneti, na wanaopita wakampigia honi za pole. Alikwishazoea. Wengine akiwakonyeza.

Bwana Zahor aliacha maneno machache juu ya gari ile. "Usiiuze mpaka umuulize mama yako." Basi. Hakusema isiuzwe. Alisema aulizwe Bi Zakiya.

Miaka saba ikapita na Awadh hakuuliza. Aliogopa jibu. Kila baada ya alasiri alimuona mama yake akitoka uani na kitambaa, akaipangusa boneti ile vumbi, polepole, na Awadh akaamini kwamba bibi yule na gari ile wana mambo yao. Kwa hiyo mwaka huu ilipogoma kabisa alimwambia, "Mama, nnaipeleka kwa fundi. Ataifufua yote, tangu injini mpaka rangi."

"Inshallah, baba," akajibu Bi Zakiya.

Na nia alikuwa nayo, tusimsingizie. Alikwenda gereji tatu. Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema vipuri vyake haviji tena, labda avitafute kwenye gari zilizokufa, na hiyo ni kazi ya miezi. Wa tatu aliingia chini ya gari, akatoka na kipande cha bodi mkononi kama aliyekatiwa mkate. "Hii kilichoishika ni rangi tu," akasema. Huku dukani wateja wanangoja matangi yao. Siku ya nne Awadh akapita kwenye duka la magari, kuangalia tu, na mtu anayeingia duka la magari kuangalia tu mnamjua. Alitoka na pikapu mpya, nyeupe, kiyoyozi chake kinakutia mafua. Ile kongwe, kwa vile kadi yake ilikuwa kwa jina la Awadh mwenyewe, aliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Walipoiburuta hakugeuka kuitazama. Aliporudi nyumbani macho yalikuwa mekundu.

"Jua kali leo," akamwambia mkewe, Lamya.

"Umemuuliza mama?"

"Nitamwambia."

"Mie nimesema kumuuliza."

"Kesho."

Hiyo kesho Bi Zakiya aliamka mapema kuliko yeye. Awadh alimkuta amesimama mbele ya gari jipya, mikono nyuma.

"Ya nani hii?"

"Ya kukodi, mama. Mpaka fundi amalize."

"Ya kukodi, na viti bado vina nailoni?"

"Ndiyo mtindo wao siku hizi."

"Na fundi mwenyewe nani?"

Awadh akafungua mdomo na mtu akatoka. "Gulzar. Mpakistani. Fundi hodari, mama, mkono wake mwepesi."

Hivyo ndivyo Gulzar alivyozaliwa, mtu mzima na ufundi wake. Na laiti Awadh angelikumbuka mama yake ni mtu wa wapi, angelimzaa fundi asiyekula. Kwa Bi Zakiya, tangu alipokuwa msichana Unguja, kabla ya kuvuka bahari kuja huku, anayekufanyia kazi hula kwako. Akiezeka paa, akichimba kisima, akitengeneza gari, chakula hupelekewa, tena kile mnachokula wenyewe. Alhamisi ya kwanza Awadh akakabidhiwa hotipoti mlangoni.

"Wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Mpe ungali moto. Masikini, yuko mbali na watu wake, anakula mikate ya dukani. Na mwambie asijiharakishe, kazi nzuri haitaki mbio."

Awadh alivuka mlima, akaegesha nyuma ya duka, akazima injini, na akala chakula cha Gulzar peke yake, juu ya kiti chenye nailoni. Angeweza kumpa mtu, lakini kila aliyemfikiria alikuwa na ulimi. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililomuumiza. Wali ule ulipikwa na mtu anayesimama jikoni kwa kuegemea ukuta, magoti hayamsaidii. Alimaliza yote, kwa sababu kumwaga ilikuwa dhambi ya pili.

Aliporudisha hotipoti, mama yake alifunua, akachungulia ndani. Kwao chombo cha mtu hurudi na chochote, japo ndimu mbili.

"Tupu," akasema. "Labda kwao hawana ada hiyo."

Sasa Awadh, dhamiri inamla, akataka angalau Gulzar awe na adabu kuliko yeye. Alhamisi ya pili, baada ya kula biriani nzima, aliingia kwa Bi Jawaher, muuza vitafunio, milango miwili kutoka dukani kwake, akanunua visheti, akavipanga vizuri ndani ya hotipoti. Hiyo ndiyo siku yenyewe niliyoisema.

"Gulzar anakushukuru, mama."

Bi Zakiya alichukua kimoja, akauma, akatafuna, akamtazama mwanawe. Akatafuna tena. "Vitamu," akasema. "Mwambie ahsante."

Na akaendelea kupika. Wiki ya tatu mkate wa kumimina na kuku wa kupaka. Wiki ya nne pilau. Awadh akalegeza mkanda tundu moja. Kila usiku akijiambia kesho atasema, na kila asubuhi akimuona mama yake anachambua mchele kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, maneno yanarudi tumboni, yakakutana na chakula.

Alhamisi ya tano Bi Zakiya alitoka amevaa abaya yake ya kutokea, hotipoti mkononi. Akafungua mlango wa pikapu, akapanda kwa shida, akajiweka sawa.

"Leo nampelekea mwenyewe. Nataka nimuone huyo anayenipa visheti."

Awadh akaendesha. Walipofika katikati ya mlima, gari haikuchemka, wala haikukohoa, ila dereva ndiye aliyeshindwa kuendelea. Akasogea ukingoni, akasimama.

"Mama."

"Naam."

"Hakuna Gulzar."

Bi Zakiya hakugeuza hata shingo. "Najua. Mpakistani gani anayepika visheti vya Jawaher? Iliki mpaka inakupanda puani! Nlimpigia simu jioni ile ile. Kaniambia, mwanao kavinunua, tena kachagua vikubwa, na chakula kakila mwenyewe garini, nyuma ya duka."

"Na ukaendelea kupika?"

"Nlikuwa nataka kujua utakula mpaka lini. Pilau ya wiki iliyopita nliitia pilipili ngumi nzima. Hukukohoa?"

"Nilikohoa, mama."

"Ahaa."

Awadh akaweka paji la uso juu ya usukani. "Gari nimeiuza. Kwa watu wa vyuma chakavu. Nisamehe."

Bi Zakiya akatazama magari yanayopita. Na hapo mwanawe akaanza kujitetea.

"Lakini haikuwa ya kutengenezeka, mama. Nimezunguka gereji tatu. Hii imepanda mlima kama inateremka. Na ningekuuliza ungekataa! Nilikuwa nakuona kila siku unaipangusa."

"Naipangusa kwa ajili yako, weye! Nkisema mwanangu kamkosa baba yake, kaganda na gari, tusimvunje moyo. Mie gari ile sikuipenda hata siku moja. Kiti kikiniunguza mapaja, na kushuka siwezi mpaka baba yako amalize kusalimiana na mtaa mzima ndiyo aje kunifungulia."

Awadh akainua kichwa. Kicheko kilimjia, cha mtu aliyefunguliwa kamba. "Basi mama, tulikuwa kitu kimoja! Mie nataka mpya, weye unataka mpya. Sasa kosa liko wapi?"

Bi Zakiya akamsukumia hotipoti mapajani.

"Jibu lilikuwa 'iuze', Awadh. Miaka saba nnalo mdomoni, na aliyeusiwa aje kuniuliza kajificha nyuma ya duka, anakula."