Majina Yasiyosomwa Kambini

Mji wa Pweto, kando ya ziwa, ulitekwa na waasi mwanzoni mwa Desemba 2000, na Lubumbashi ikajua kabla redio haijakiri. Habari zililetwa na wauza samaki: jeshi la serikali limetimuliwa mpaka ukingoni mwa maji, wengine wamevukia Zambia, wengine hawakuvuka kabisa. Redio ikaendelea kupiga nyimbo za ushindi. Watu waliizima wakanung'unika. Vita imeingia mwaka wa tatu, unga haushikiki, majeshi ya nchi za watu yamejaa kote, na bado watoto wanapelekwa.

Huko Kasungami, pembezoni mwa mji, Simone alikuwa na mtoto mmoja tu, Merdi, na kijana huyo alikuwa vitani. Jirani yake Delphine, ambaye shamba lake la mihogo lilipakana na la Simone, alikuwa na wa kwake, Mulenga. Vijana hao waliandikishwa siku moja, wakapanda lori moja. Kwa hiyo mama zao walikwenda pamoja kwenye kambi ya jeshi kila asubuhi, saa nzima kwa miguu, kuuliza majina ya waliokufa. Kila asubuhi sajenti wa mlangoni aliwajibu vilevile, macho yake yakiwa kwenye viatu vyao.

"Hakuna liste. Murudie ku nyumba, bamama. Batoto beko muzuri."

Wiki ya pili, Kalaba, dereva anayeleta samaki kutoka Kasenga, aliingiza lori lake uani kwa Simone mchana kweupe, kana kwamba ameleta mzigo. Akasogeza makreti matatu. Nyuma yake akatoka Merdi, mifupa mitupu, amevaa shati la mvuvi.

Simone alifungua kinywa apige kigelegele. Kalaba akamziba kwa kiganja chake chenye harufu ya samaki.

"Nyamaza, mama. Banakamata bote balikimbia. Banabarudisha kulekule."

Wakamficha kwenye chumba cha kuwekea mihogo. Merdi alikula bukari, ugali wa mihogo, bila kutafuna, akanywa maji, akalala ameketi. Alipoamka, Simone aliuliza lile aliloogopa kuuliza.

"Na Mulenga?"

"Alikufa, mama. Ku mayi kule, mbele ya kuvuka. Risasi ya tumbo. Nilimubeba, nikamubeba... Alikufia mu mikono yangu." Akatazama ukuta. "Hakuna hata muntu moja alituambia tunapigania nini. Mushahara hakuna, chakula hakuna. Bakubwa balikimbia wa kwanza na magari."

Kesho yake Delphine alibisha hodi alfajiri kama kawaida. "Mama Merdi, twende."

Simone angesema nini? Akisema mwanangu amerudi, habari itavuka ua kabla ya jua kupanda, na Merdi atachukuliwa. Akisema Mulenga amekufa, ataulizwa nani kakuambia. Akajifunga kitenge, akaenda. Kambini alisimama kwenye foleni ya wanawake akaulizia jina la mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa amelala juu ya magunia yake. Alijisikia kama mwizi aliyejiunga na wanaomsaka mwizi.

Siku zilivyokwenda ikawa vibaya zaidi. Simone hakutulia mahali. Alifagia uwanja mara mbili, akachota maji wakati mapipa yamejaa, akaanza kusuka kikapu akakiacha. Lori lolote likinguruma barabarani, alikimbilia mlango wa chumba cha mihogo. Jioni Delphine alimletea sombe, majani ya mihogo aliyoyapika, kwa sababu alimwona amekonda. "Kula, ndugu yangu. Batoto batarudia batukute tuko na nguvu." Simone alimeza kila tonge kama jiwe.

Alfajiri moja Delphine alikuja amebeba suruali mpya chini ya kwapa. Alikuwa amemshonea Mulenga, akitaka sajenti aitume kule vitani. Simone aliitazama ile suruali, mshono wake uliopigwa kwa mkono, akashindwa. Akamshika Delphine mkono, akamwingiza chumba cha mihogo, akafunga mlango.

Delphine alimwona Merdi akiwa hai. Akamtazama Simone. Hakuhitaji kuambiwa, lakini Merdi alimwambia yote: risasi, ukingo wa maji, jinsi alivyomfunika kwa koti lake.

"Viatu vyake nilivaa, mama," alimalizia akilia. "Vyangu vilikuwa vimepasuka. Unisamehe."

"Ulifanya muzuri," Delphine alisema. "Vingeozea pale." Kisha akamgeukia Simone, sauti ikiwa chini kabisa. "Na sombe yangu ulikuwa unakula."

Akatoka. Simone alisubiri mayowe. Hayakuja. Alipochungulia aliona Delphine ametandika mkeka katikati ya uwanja wake, amefungua nywele, ameketi ametandaza miguu kama mfiwa. Ndipo akaanza kulia, na kilio kikaita mtaa mzima.

Mchana sajenti yule yule alifika na askari wawili. Kulilia askari ambaye jeshi halijatangaza kifo chake ni kueneza uongo wa adui, alisema. Nani amemwambia kwamba mwanawe amekufa?

Simone alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka pale.

Delphine akainua kichwa. "Ni wewe uliniambia. Kila asubuhi nilikuuliza jina ya mutoto wangu, na kila asubuhi uliangalia viatu vyangu. Muntu mwenye habari nzuri anaangalia muntu mu macho."

Mmoja wa askari, kijana tu, alivua kofia yake, halafu wote watatu wakaondoka.

Siku ya pili mikeka ilikuwa mitano mtaani, kisha tisa. Wanawake waliacha kwenda kambini, wakalilia majumbani. Siku ya tatu Merdi, aliyekuwa amesikia haya yote kupitia ukuta, alioga, akatoka nje, akaketi kwenye mkeka wa Delphine. Simone alimvuta shati.

"Rudi ndani! Unataka kuniua?"

"Mama, niliona kumi na mmoja bakikufa. Bamama yao beko hapa."

Akayataja majina, moja moja, na mahali kila mmoja alipoangukia. Kila jina lilipotajwa, mwanamke mmoja alianguka upande, na wengine wakamshika. Simone aliacha kumvuta, akamletea maji.

Kabla ya jua kuzama Kalaba alimrudisha Merdi nyuma ya makreti, wakashika njia ya Kasenga, kwenye mto wa mpaka na Zambia. Askari walikuja asubuhi iliyofuata, wakamwaga magunia ya mihogo, hawakupata kitu. Walimkalisha Simone kambini siku mbili, wakamchapa viganja, wakamwachia.

Delphine hakumletea sombe tena. Lakini siku Simone alipotoka kambini, ndiye aliyemngoja langoni, wakarudi Kasungami pamoja kwa miguu.

Februari gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani likiita vijana wajiandikishe. Wanawake walitoka wakasimama milangoni, kila mmoja amefunga mlango nyuma yake. Gari lilikwenda polepole mpaka mwisho wa barabara, likageuka, likarudi. Hakuna kijana aliyetoka. Mtu fulani alikuwa akipiga kelele, akilitukana gari kwa Kibemba na Kiswahili, na ilimchukua Simone muda kutambua kwamba ile ni sauti yake mwenyewe.