Glasi Isiyo na Tone la Maziwa

Tangu mimba ifike wiki ya saba, Lenny alikuwa akivua nguo za kazi kwenye veranda kabla ya kuruhusiwa kuingia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliendesha pikapu ya maziwa. Kila siku alitoka kwao Kapsoya, mtaa wa Eldoret, jua halijachomoza, akazunguka kwa wakulima wa Burnt Forest kupakia mitungi, kisha akarudi mjini kuishusha kiwandani. Kwa miaka mitano ya ndoa mkewe Nabalayo hakuwahi kulalamikia harufu yake. Sasa aliisikia kuanzia getini.

"Hizo buti zibaki huko huko," alikuwa akipaza sauti kutoka sebuleni. "Na hiyo ovaroli. Na soksi!"

Nabalayo alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mtu wa kula akashiba, lakini siku hizo tumbo lilikubali mkate mkavu tu. Ilipofika Jumamosi hata mkate ulikuwa umemchosha. Alijilaza kwenye kochi na kumwambia Lenny kitu alichokuwa anakiota tangu Jumatano.

"Nataka matunda. Lakini si ya kutafuna, na si juisi. Juisi ni maji. Nataka kitu kizito, baridi sana, chenye uchachu, kinachoshuka polepole."

"Smudhi," Lenny alisema.

"Hiyo hiyo. Bila maziwa."

Lenny alitoa blenda kwenye katoni ambayo haikuwa imefunguliwa tangu harusi. Akamenya embe, akakata ndizi, akasaga. Ilipotoka nyepesi kama uji wa mgonjwa, akaona aiongezee yogati kidogo tu, vijiko vitatu, ishikane. Nabalayo aliinua glasi, akaishusha kabla haijafika mdomoni, akakimbilia bafuni.

"Umeweka maziwa," alisema aliporudi, macho yamejaa machozi.

"Ni yogati, si maziwa."

"Lenny. Yogati inatoka wapi? Inachumwa kwenye mti?"

Lenny alizaliwa Cheptiret kwenye boma la ng'ombe kumi na wawili. Maishani mwake hakuwahi kuona kitu kizuri kikitengenezwa bila maziwa. Akachukua jaketi na kwenda kwa Wahome, kijana wa kuuza juisi na smudhi kando ya barabara, karibu na kanisa.

"Buda," Lenny alimwambia, "ukitaka smudhi iwe nzito na hutaki maziwa, unafanya nini?"

"Ni ya nani?"

"Ya mtu ambaye tumbo lake halitaki maziwa."

Wahome alimtazama, akatabasamu mpaka masikioni. "Hongera."

"Sijasema kitu."

"Na mimi sijasikia kitu." Akafungua friza yake ndogo. "Siri ni ndizi. Unaimenya ikiwa imeiva kabisa, unaikatakata, unaigandisha. Ikisagwa hivyo inakuwa kama aiskrimu. Halafu nusu ya avokado, hiyo ndiyo inalainisha. Uchachu unatoka kwa pasheni, chuja mbegu. Na tangawizi kidogo, ya kutuliza tumbo. Kidogo, nimesema! Usimchome mtu."

Akampa mfuko wa vipande vya ndizi vilivyogandishwa, maana za Lenny zingechukua hadi kesho. Lenny akarudi karibu akikimbia, avokado mfukoni, pasheni mikononi. Alipofungua mlango, alimkuta mama yake ameketi mezani.

Mama Hellen alikuwa amekuja kutoka Cheptiret bila kupiga simu, kama kawaida yake. Mbele yake palikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa lala ambayo alikuwa ameyatunza siku nyingi kwa ajili ya mke wa mwanawe. Kikombe kilikuwa tayari kimejazwa. Nabalayo alikuwa amekishika kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Lenny alielewa mara moja. Walikuwa wamekubaliana wasimwambie mtu. Mwaka uliotangulia walitangaza mapema mno. Mama Hellen alifurahi, akawaambia majirani, akawaambia watu wa kanisa, na wiki ya kumi mimba ikatoka. Kisha ikabidi waanze kuwaambia watu wote tena, mmoja mmoja. Nabalayo alisema hatarudia hilo. Na Nabalayo, msichana wa Kibukusu aliyepokelewa vizuri katika nyumba ile ya Wakalenjin, alijua pia kwamba kukataa mursik ya mama mkwe hakukuwa jambo dogo.

"Kunywa, msichana wangu," Mama Hellen alisema. "Umekonda."

"Mama, ngoja kwanza," Lenny aliingilia. "Nilikuwa nataka kuwatengenezea kitu."

"Wewe? Jikoni?"

Nabalayo alikileta kikombe mdomoni kwa ujasiri wote aliokuwa nao. Akakiweka chini. Akainuka na kukimbia, na mlango wa bafuni ukajifunga nyuma yake kwa kishindo.

Mama Hellen alitazama kikombe, akamtazama mwanawe aliyesimama na pasheni mikononi, akautazama mlango wa bafuni. Halafu akafunga kibuyu chake, akakibeba pamoja na kikombe mpaka kwenye veranda, akaviweka kando ya buti za Lenny. Aliporudi alifungua madirisha yote mawili.

Nabalayo alitoka akiwa amejipangia uongo kuhusu samaki wa jana. Hakupata nafasi ya kuusema.

"Nilipokuwa na huyu tumboni," Mama Hellen alisema, akimwonyesha Lenny kwa kidevu, "sikuweza kupita karibu na zizi. Mama mkwe wangu alikuwa ananiletea kikombe kila asubuhi na kusimama mlangoni mpaka nishukuru. Akienda, namnywesha ndama. Miezi mitatu! Ndama akanenepa, mimi nikakonda, na yule mama akawa anajiuliza kama maziwa yake yamerogwa."

Nabalayo alianza kucheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia. Mama Hellen akamsogelea.

"Sikuulizi kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukitaka kuniambia, utaniambia. Na mdomo wangu wa mwaka jana nimeuacha Cheptiret."

"Wiki ya saba, Mama," Nabalayo alisema.

Mama mkwe alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akaomba kimoyomoyo kidogo. Kisha akageuka. "Na wewe, umesimama nini? Si ulisema unatengeneza kitu?"

Lenny alianza kwa kutia ndizi kwenye blenda kama Wahome alivyomwelekeza, akabonyeza kitufe. Blenda ilinguruma mara moja na kunyamaza. Friji nayo ilinyamaza. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima.

"Hapana," Nabalayo alisema, akiitazama blenda kama mtu anayeona basi likimwacha. "Hapana, si leo."

"Lete sufuria," Mama Hellen alisema, tayari anakunja mikono ya sweta.

Waliponda kwa mikono. Mama Hellen alishika mwiko na kuzishambulia ndizi kabla hazijayeyuka. Lenny alisaga avokado kwa uma, akachuja pasheni, akaparuza tangawizi na kidole kimoja pamoja nayo. Nabalayo aliketi kwenye stuli akitoa maagizo. Embe zaidi. Pasheni zaidi. Hapana, zaidi ya hapo. Kitu kilichotokea kilikuwa na mabonge na rangi ya manjano yenye ukijani, lakini kilikuwa kizito na baridi ya kuuma meno.

Alionja kijiko kimoja. Wote wawili walisubiri, mmoja na mwiko, mwingine na kidole kilichofungwa kitambaa. Akaonja cha pili. Kisha akaacha kijiko, akainua glasi, na hakuishusha mpaka ikabaki tupu.

"Kuna nyingine?" akauliza.

Mama Hellen alilamba mwiko, akafikiri. "Ni tamu," alisema. "Inakosa maziwa tu."

Alilala hapo siku mbili. Aliporudi Cheptiret, alianza kupiga simu kila usiku saa mbili. Hakuwahi kutaja mimba. Aliuliza neno moja, "Amekunywa?" na Lenny akijibu ndiyo, anakata. Friza yao ilijaa ndizi. Wiki zilipita, ile ya kumi ilipita pia, ingawa siku hizo Nabalayo alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Wiki ya kumi na sita nesi wa kliniki alimsikilizisha moyo wa mtoto, ukipiga mbio.

Nabalayo alitoka nje akasimama juani na kupiga simu mwenyewe.

"Mama, ni mimi. Mtoto yuko salama. Sasa unaweza kuwaambia watu."

Nabalayo akasikia simu ikiwekwa juu ya kitu, mlango ukifunguliwa, na Mama Hellen akipaza sauti kwa Kikalenjin kuelekea kwa majirani, akiita majina yao moja baada ya jingine. Alikuwa amesahau kukata. Nabalayo alisikiliza mpaka salio likaisha.