Kigoda Mlangoni pa Gamaliel

Siku ile reli haikulia. Watoto walifika shuleni kwa mazoea tu, wakasimama chini ya kile kipande cha chuma kilichoning'inia kwenye mti wa avoka, wakatazamana. Tangu wazazi wao wakiwa wadogo, mkono uliokigonga kila asubuhi ulikuwa mmoja, wa Mama Mbombo. Saa ile yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya nyumba ya Gamaliel, mkuu wa shule, akimenya karanga.

Mtaa mzima ulikijua kigoda hicho. Mama Mbombo alikuja Kamina akiwa bibi arusi, kutoka Kasai, na mumewe aliyefanya kazi ya reli. Mume akafa, mtoto hawakupata, naye akabaki. Aliwakusanya wanawake wa kanisa, wakafyatua matofali kwa udongo wa kichuguu mpaka madarasa yakasimama. Hakuna aliyemlipa. Baada ya hapo kazi yake ikawa ni milango. Mzazi akimzuia mtoto asisome, hasa msichana, Mama Mbombo hakugombana naye. Alileta kigoda, akaketi mlangoni pake, akamenya karanga bila neno mpaka mwenye nyumba aone haya. Aliketi hata kule Base, kambi ya jeshi. Wake za askari walimcheka kwanza, kisha wakamletea maji.

Gamaliel mwenyewe alipatikana hivyo. Baba yake, Banza, alitaka kumpeleka Mulongo akavue samaki.

"Mama, karanga yako itaisha mbele ya kichwa yangu kulegea," Banza alimwambia.

"Ikiisha, nitaomba ingine kwa bibi yako, mama ya Gamaliel."

Banza alicheka, akapita. Alipita hivyo siku kadhaa. Mwisho akamtoa mtoto nje, amenawa uso, akamsukuma taratibu kuelekea kwenye kigoda.

Mwaka huu reli iliponyamaza, Gamaliel akiwa mkuu wa shule, vijana walikuwa wakipita mitaani wakiimba kwamba Wakasai warudi kwao. Wengi walikuwa wamekwisha kulala stesheni na magodoro yao, wakingoja treni. Jioni iliyotangulia siku ile ya reli kunyamaza, vijana walifika kwa Mama Mbombo pia. Aliwajua kwa majina. Wengine aliwafundisha kushika kalamu. Kiongozi wao, Ferdinand, alisema bila kumtazama kwamba Directeur, yaani Gamaliel, akitamka kuwa mama huyu ni mtu wa hapa, watamwacha. Walipoondoka, Hulda, rafiki wa kanisani wa Mama Mbombo, alimshika mkono akamwambia alale salama, maana Gamaliel hawezi kukosa kusema neno moja.

Ndiyo maana asubuhi hakufunga mzigo. Alichukua karanga.

Élisa, mke wa Gamaliel, alitoka kufagia, akamwamkia, akarudi ndani. Hakuleta maji. Jua likapanda. Pazia la dirisha likatikisika, na sauti ya Gamaliel ikatoka nyuma yake, ya chini.

"Mama, nikisema vile, kesho watakuja kwangu."

"Baba yako aliogopa njaa," alijibu, mikono ikiendelea na kazi. "Na alifungua mulango."

Pazia likatulia.

Mchana vijana walikuja na ngoma. Ferdinand alisimama uwanjani, akaita.

"Directeur, huyu mama ni wa wapi?"

Mlango ulifunguliwa. Gamaliel alitoka amevaa shati lililopigwa pasi. Alitazama bakuli la karanga, akatazama barabara. Mama Mbombo aliacha kumenya, akainua uso kumwelekea, kama alivyozoea kumngoja mtoto anayejua jibu.

"Anatoka Kasai," Gamaliel alisema.

Hakusema uongo.

Mama Mbombo alipangusa maganda kwenye kitenge chake. Noémie, binti mdogo wa nyumba ile, alikuwa amejificha nyuma ya mguu wa baba yake. Mama Mbombo alimpa bakuli, akamwambia ale na wenzake. Kisha akashika njia ya stesheni. Ferdinand aliinama kuchukua kigoda ili ambebee.

"Achia hapo," alimwambia. "Sijamaliza."

Treni iliyomchukua iliondoka siku nyingine kabisa, watu wakiwa wamejaa hadi juu ya mabehewa. Alipokuwa akiingoja stesheni, Hulda alimpelekea blanketi. Baada ya masika, mfanyakazi mmoja wa reli alileta habari kwamba Mama Mbombo alizikwa kando ya njia, kabla ya kufika. Wanawake wa kanisa waliketi kwa Hulda kumlilia. Gamaliel alituma mabenchi ya shule ili watu wapate pa kukaa, mwenyewe hakuonekana.

Sasa reli inagongwa na mlinzi, watoto wanaingia. Kigoda kiko palepale, mvua imekigeuza rangi. Hakuna aliyekiingiza ndani, na hakuna aliyekitupa. Asubuhi, Élisa akifagia uwanja, hukizunguka.