Ufa Katika Bwawa la Bibi Loubser

Jumanne ya pili ya Juni, saa mbili asubuhi, Risimati Mabunda aliweka ndoo kwenye ngazi ya pili ya bwawa la kuogelea la Bibi Loubser. Akatia tofali ndani isije ikaelea, akaijaza mpaka maji ya ndani yakalingana na ya nje, kisha akazima pampu. Ndivyo bwawa linavyopimwa. Jua na upepo hunywa sawasawa kwenye ndoo na kwenye bwawa. Bwawa likipungua kuliko ndoo, basi linavuja.

Johannesburg ilikuwa kwenye msimu wa baridi. Nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na tangu Machi hakuna aliyeogelea. Huu ndio wakati wa kubadilisha mchanga wa chujio, kusugua kuta na kuziba nyufa. Bibi Loubser, mjane wa miaka themanini na mmoja, alikuwa anauza nyumba ahamie kwenye makao ya wazee. Mnunuzi alikuwa na sharti moja: Ijumaa ya wiki inayofuata angemleta mkaguzi, na mkaguzi akute bwawa halivuji.

Kesho yake ndoo ilikuwa imepungua unene wa ukucha. Bwawa lilikuwa limepungua upana wa vidole vinne. Risimati alivaa ovaroli ya mpira inayofika kifuani, akaingia majini na bomba la sindano lenye rangi nyekundu ya keki. Alitembea polepole asiyatibue maji, akidondosha rangi kidogo kidogo karibu na ukuta. Chini ya taa ya bwawa, rangi haikutawanyika. Ilijinyoosha kama uzi, ikaingia kwenye ufa mwembamba, ikapotea.

Saa nane mchana mkewe alipiga simu kutoka kijijini, kilomita mia tano kaskazini.

"Baba Nyeleti, leo maji yametoka mekundu."

"Mekundu vipi?"

"Kama sharubati. Watu wamesimama na ndoo zao wananitazama mimi. Nimewaambia wangoje nikuulize wewe wa mabwawa."

"Ni rangi ya keki. Haidhuru."

"Tuyachemshe?"

"Hakuna haja. Itakwisha sasa hivi."

"Haya," alisema mkewe, na Risimati akamsikia akiwatangazia waliokuwa kwenye foleni.

Maji hayo yalianza kutoka Februari, nyuma ya jiko, miguuni pa kaburi la binti yao Nyeleti. Bomba la serikali lililopita mbele ya nyumba lilikuwa na miaka kumi na miwili na halijawahi kutoa tone. Watu walikuwa wakichota mtoni. Nyeleti alikufa Novemba, akiwa na miaka tisa, kwa tumbo la kuhara lililotokana na maji hayo ya mto. Maji ya kaburini yalikuwa meupe na yalinuka klorini; Mama Nyeleti aliyaacha juani kwenye beseni mpaka harufu ikaisha, kisha wakanywa. Risimati alipokwenda nyumbani Pasaka aliisikia harufu ile, akadhani ni nguo zake. Alikuwa anahudumia mabwawa arobaini, na mpaka siku ya rangi hakujua maji yale ni ya lipi.

Ingawa angeweza kukisia. Siku Nyeleti alipokufa, Risimati alikuwa hapa hapa kwa Bibi Loubser. Maji ya bwawa yalikuwa yamegeuka kijani baada ya mvua, ikaamuliwa yamwagwe yote. Alikuwa ameshika mpira, maji yakiteremka barabarani mpaka kwenye mtaro, simu ilipolia. Bibi Loubser ndiye aliyekwenda kuzima pampu. Alimpeleka kituo cha mabasi kwa gari lake, akampa blanketi la marehemu mumewe, akasimama pale mpaka basi likaondoka.

Tangu Mei, Nyeleti mwenyewe alikuwa akija maji yanapoanza kutoka asubuhi. Alikaa juu ya kaburi lake, miguu majini, akipanga foleni: wenye watoto mgongoni kwanza, kisha wazee, kisha wengine wote. Watu walimsikiliza. Risimati hakuwa amemwona, kwa sababu likizo yake ijayo ilikuwa Desemba.

Kabla Risimati hajaondoka siku hiyo ya rangi nyekundu, Bibi Loubser alimletea chai na biskuti ngumu za kuchovya, akakaa naye ukingoni.

"Umeupata?"

"Nimeupata, mama. Uko chini ya taa."

"Yanakwenda wapi?"

"Kwetu. Yanatokea kaburini kwa Nyeleti."

Bibi Loubser aliweka kikombe chini. "Wanayanywa?"

"Wanayanywa, wanapikia, wanafulia."

"Na klorini yote ile?"

"Wanaiacha itoke juani."

"Basi usitie tena. Nani anaogelea hapa?" Alipangusa makombo ya biskuti magotini. "Risimati, mwanangu wa kiume ameshasaini mkataba wa mauzo. Nyumba si yangu tena."

"Najua, mama."

"Ingekuwa yangu..."

"Najua."

"Plasta inakauka kwa siku ngapi?"

"Tatu. Nikiziba Jumanne, mkaguzi atakuta imekauka."

"Leo Jumatano," alisema Bibi Loubser. "Nipe mkono niinuke. Tufungue mpira."

Aliufungua mwenyewe, ukamwaga maji ya bomba bwawani mchana na usiku. Kisha akasimama akifikiri.

"Huko kwenu kuna baridi?"

"Asubuhi ipo."

Alikwenda kwenye kibanda cha pampu, akawasha mashine ya kupasha maji moto, ambayo haikuwashwa tangu mumewe alipofariki.

Alhamisi mkewe Risimati alipiga simu mapema.

"Baba Nyeleti, maji yana uvuguvugu! Bibi Hlamalani ametumbukiza miguu, hataki kutoka, foleni yote inamsubiri yeye. Anasema utie na majani ya chai na sukari, umalize kazi."

"Mwambie nitatia na maziwa."

"Atakuja kukudai, unamjua. Na mwanao anasema ile nyekundu ilikuwa nzuri. Anauliza leo unaleta gani."

Kwa miezi saba Risimati hakuwa ameombwa kitu na Nyeleti.

"Mwambie kijani," alisema.

Bibi Loubser alitoa vichupa vyote vya rangi kwenye kabati la vitu vya keki, akavipanga mezani. Alhamisi ikaenda kijani, Ijumaa buluu. Jumamosi na Jumapili Risimati hakuwa na zamu, basi Bibi Loubser alifunga bomba la sindano kwenye mpini wa ufagio, akapiga magoti ukingoni juu ya mto wa kochi, akapeleka manjano. Jumapili alichanganya nyekundu na buluu akapata zambarau, akampigia Risimati kumwuliza kama imefika. Risimati akampigia mkewe, kisha akampigia Bibi Loubser. Ilikuwa imefika. Nyeleti alikuwa amepiga makofi. Bibi Loubser alisema sawa, akakata simu, kwa sababu alikuwa ameanza kulia na hakutaka kumlilia mtu ambaye msiba ni wake.

Kijijini, walipoambiwa ufa utazibwa Jumanne, walijaza mapipa, masufuria, beseni za kuogeshea watoto, hata mabuti ya mvua. Wazee walioga maji ya moto kwa zamu nyuma ya shuka. Jumatatu kilibaki kichupa kimoja tu, cha pinki, nacho kikaenda.

Jumanne Risimati alipunguza maji mpaka taa na ufa vikawa juu ya maji, akashuka ndani, akaanza kuchimba ufa kwa patasi ili plasta ipate pa kushika. Ulipofunguka upana wa kidole alisikia makopo yakigongana, na jogoo wake mwenyewe akiwika. Akaweka sikio.

"Ni wewe unayegonga?" aliuliza mkewe kutoka ndani ya ukuta.

"Ni mimi."

"Kumbe hata vocha tulikuwa tunapoteza bure."

Risimati alicheka, kisha akaacha. "Mama Nyeleti, naweza kupaka juu juu tu. Niache mwanya."

"Na mkaguzi?"

"Ataona."

"Akiona watamleta mwingine aje azibe, na wewe watakufukuza. Vutomi atakula nini?" Vutomi alikuwa mdogo wake Nyeleti, wa miaka mitano. "Ziba, mume wangu. Ziba vizuri, wasikusumbue."

Maji kidogo yaliyobaki ukutani yalichuruzika kuingia kwenye ufa. Risimati aliyaacha yapite.

"Yupo hapo?"

"Yupo. Amelaza sikio chini, anakusikia."

Risimati alisogeza mdomo karibu na ufa.

"Nyeleti."

"Baba."

"Rangi zimekwisha, mwanangu."

"Zote?"

"Zote."

"Ya pinki ndiyo nzuri," mtoto alisema. Kisha akauliza, "Baba, hapo ulipo kuna baridi?"

"Kidogo."

"Vaa koti."

Koti lilikuwa juu, kwenye kiti. Bibi Loubser, ambaye alikuwa amesimama ukingoni muda wote huo, alilishusha kwa fimbo yake. Risimati alilivaa, akalifunga vifungo vyote. Alibaki ameegemea ukuta mpaka hapakuwa na unyevu wa kuchuruzika, na upande wa pili hapakuwa na sauti tena isipokuwa ya mkewe akiwaambia watu warudi majumbani. Ndipo akachanganya saruji nyeupe na unga wa marumaru, akaukandamiza ndani ya ufa kwa kidole gumba, akausawazisha kwa mwiko, akaupitishia sponji. Alifanya kazi nzuri. Hakujua kufanya nyingine.

Ijumaa mkaguzi alipima, akaandika kwamba bwawa halivuji, akasifu plasta. Mwisho wa mwezi Bibi Loubser alihamia kwenye makao ya wazee. Wenye nyumba wapya walimwomba Risimati aendelee kuwahudumia, akakubali.

Kijijini akiba iliwatosha siku kumi na moja. Udongo wa miguuni pa kaburi ulikauka, ukapasuka, na asubuhi hakuna aliyekuja kukaa pale. Mama Nyeleti aliendelea kupafagia. Siku ya kumi na mbili wanawake walikusanyika alfajiri kwenda mtoni, na yeye akiwa miongoni mwao. Vutomi alikuwa ametimiza miaka sita wiki hiyo. Alipewa dumu lake la kwanza, la lita tano, akashikwa mkono, wakaondoka.