Akina Adeligunda wa Ikuti

Enzi zile kila kitu kilikuwa ruksa. Ilikuwa ruksa kuuza mitumba mbele ya kanisa, ruksa kufungua duka la dawa hata kama dawa yenyewe huijui, ruksa kuwa na chama chako na bendera yako na wanachama wako wawili. Kule Ikuti, ambako mvua hainyeshi bali huishi, watu walijipa ruksa moja zaidi ambayo serikali haikuitaja popote: kumwita kila mtoto wa kike Adeligunda.

Kabla ya hapo jina hilo alikuwa nalo mtu mmoja tu, na hakuna aliyemwonea wivu. Bibi Adeligunda alikuwa mjane mwenye migomba yake na kipande cha chai mgongoni mwa kilima. Utotoni wenzake walimwimbia nyimbo kwa ajili ya jina lile. Alipoolewa, mama mkwe alikataa kulitamka, akamwita "wewe". Uzeeni, kwenye mzani wa chai, karani aliita majina yote vizuri, Tulia, Lwitiko, Anyelwisye, na akifika kwake alikohoa kwanza. Wajukuu zake saba wa kike waliitwa majina mengine kabisa, na kila mmoja alipozaliwa wazazi walikuja na maelezo marefu. Bibi aliwasikiliza, akasema ndaga, yaani asante, akawapa mkungu wa ndizi warudi nao.

Jina lilivyokuja alilijua vizuri, maana mama yake alimsimulia kila alipopata nafasi, na nafasi aliipata kila siku.

Mama yake aliitwa Tusekile. Katika usichana wake alifanya kazi kwenye misheni moja ya Wadachi iliyokuwa ng'ambo ya bonde, nyumbani kwa mke wa mchungaji, na mke wa mchungaji ndiye aliyeitwa Adeligunda. Mama huyo alipenda mambo mawili, Mungu na mawaridi. Mungu alimhudumia mwenyewe. Mawaridi alimwachia Tusekile. Maji yalikuwa bondeni na bustani ilikuwa kilimani, na katika nchi inayonyeshewa hivi ungedhani ua lingejitegemea, lakini mama yule aliamini mvua ya Rungwe haina adabu, humwagilia bila mpango. Basi kengele ililia, Tusekile akashuka; kengele ikalia, akapanda. Ndoo mbili kila alfajiri, hata mawingu yakiwa mlangoni. Alishuka na kupanda mpaka akaolewa, mpaka akapata mimba, mpaka siku moja mimba ikiwa kubwa aliteleza kwenye matope na kuvunja jagi lenye maua. Akafukuzwa papo hapo, na zaburi juu yake.

Alipojifungua mtoto wa kike, ukoo wa mumewe ulikuja na majina ya heshima. Tusekile akayakataa yote. Alisema mtoto ataitwa Adeligunda, na wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakidhani misheni imemroga. Haikuwa imemroga. Mtoto alipojua tu kusimama, mama akakaa kibarazani, akanyoosha miguu, akaita kwa sauti iliyovuka bonde: "Adeligunda, chota maji! Adeligunda, fagia! Adeligunda, halaka!" Kisha alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Ni kisasi kitamu, ila aliyebeba ndoo ni mtoto. Bibi Adeligunda alikuwa amelijua hilo tangu zamani na lilimuuma, lakini mama ni mama, na kicheko kile ndicho kitu cha thamani pekee ambacho Tusekile aliwahi kumiliki. Siku ya kufa alimshika bintiye mkono. "Wasije wakasema nilimpenda yule mama," alisema. Binti akaahidi, bila kudhani kwamba kuna mtu duniani atakayewahi kuuliza.

Wa kuuliza akaja kwa gari jeupe lenye mlingoti wa redio mbele. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo kutoka Ujerumani, mjukuu wa yule mama wa mawaridi, na kwa desturi ya kwao alikuwa amerithi jina la bibi yake. Alikuja kutafuta nyayo. Pale misheni alikuta msingi wa mawe, ng'ombe wawili, na mawaridi yaliyogeuka kichaka kikali ambacho mbuzi walikiheshimu. Alikuwa anageuza gari arudi zake Mbeya aliposikia kwamba huko Ikuti kuna kikongwe anayeitwa Adeligunda. Akaligeuza tena, akaelekea Ikuti.

Mwenyekiti wa kijiji wakati huo alikuwa Ackson, bwana mwenye tai moja na matumaini mengi, aliyekuwa akinyemelea udiwani. Alimweka Bibi kwenye kiti mbele ya kanisa, kijiji kizima kikakusanyika, na Ackson akajipa kazi ya ukalimani, maana Kiingereza alikipata kwenye kozi ya ushirika. Mgeni akauliza ni kwa nini mama yake Bibi alimpa jina lile.

Bibi aliangalia watu. Aliikumbuka ahadi. Akajibu kwa Kinyakyusa, polepole, kila mtu akisikia.

"Mwambie juba, mama yangu mzazi, hakumpenda yule mama hata kidogo. Alichota maji yake mpaka utosi ukaota upara. Akasema, na mimi nitakuwa na Adeligunda wangu, nitamtuma kutwa."

Watu walitazama chini. Wengine walikohoa. Ackson alilegeza tai, akamgeukia mgeni, akamwambia kwamba Tusekile alimpenda mno yule mama, akampenda mpaka akatamani kulitamka jina lake kutwa nzima, asubuhi hadi jioni, na ndiyo sababu akalihamishia kwa mwanawe. Mgeni akaanguka mabegani mwa Bibi akilia kwa kwikwi. Kabla ya machozi kukauka akawa ameahidi bomba la maji, kutoka chanzo cha juu hadi katikati ya kijiji, ili mwanamke yeyote wa Ikuti asishuke tena bondeni.

Bibi alipomuuliza jirani yake Vaileth, aliyepata kufundisha shule ya msingi, Ackson kasema nini, Vaileth akamweleza neno kwa neno. Bibi akaenda kwa mwenyekiti jioni ile ile kudai arekebishe. Ackson alimpokea kwa heshima zote, akamkaribisha chai, kisha akamwambia kwamba ukweli ni mzuri, lakini hauwezi kupitishwa kwenye mpira wa maji ukafika kijijini. Na kijiji kizima, ambacho kilisikia jibu la Bibi kwa masikio yake, kilikubaliana na mwenyekiti kwa kukaa kimya. Hapo ndipo ukaona umoja ambao vyama vyote vilivyosajiliwa havikuwahi kuuleta.

Kisha wakaanza kuzaa akina Adeligunda.

Wa kwanza kumwita bintiye hivyo alikuwa Vaileth huyo huyo, aliyekuja kwa Bibi na maelezo marefu. Watu walipiga hesabu zao: kama jina moja limeleta bomba, jina katika kila nyumba litaleta nini? Hapo kanisani mchungaji alibatiza Adeligunda wanne Jumapili moja, na wa nne alimwita kwa uchovu. Ipyana, fundi wa baiskeli, mkewe alijifungua mwana wa kiume. Bwana alisikitika siku mbili, kisha akamwita Adeligundo. Monica, msichana wa darasa la tano, alirudi kutoka shule akakuta amebadilishwa jina, na tangu siku hiyo hakuitika la zamani wala jipya. Jambo likateremka hadi mjini Tukuyu. Pale mtaa wa Bagamoyo ikafunguliwa saluni ya Adeligunda, na mbele yake baa ya Adeligunda, na mteja aliyetoka ya pili alisemekana kupelekwa ya kwanza kuoshwa kichwa. Masukulu kulikuwa na ng'ombe wa maziwa mwenye jina hilo, naye ndiye pekee aliyelitendea haki.

Kina mama waliokuwa wakilicheka jina lile mzanini sasa walimletea Bibi vichanga awabariki. Aliwapokea na kuwabeba, maana mtoto hana kosa. Lakini jina alilokuwa amelibeba peke yake maisha yote sasa lilikuwa la kila mtu, na uongo ulikuwa ndani yake. Kila kichanga kilikuwa shahidi kwamba Tusekile alimpenda yule mama. Usiku alimsikia mama yake akinyamaza, na kunyamaza kwa Tusekile lilikuwa jambo zito.

Bomba lilipokamilika, Ackson akaweka jiwe la saruji lenye maandishi: KWA UPENDO WA TUSEKILE KWA ADELIGUNDA. Bibi alilisoma herufi kwa herufi. Alirudi nyumbani akatafuta ndoo, ile ya bati, nzito hata ikiwa tupu.

Siku ya uzinduzi mgeni alirudi, na mpiga video kutoka Mbeya, na kwaya iliyovaa sare mpya. Ackson alihutubia kuhusu mila za Wanyakyusa, nyingine akizitunga palepale. Hotuba ilipokwisha Bibi Adeligunda akainuka na ndoo yake. Akasema kwa Kiswahili, mpiga video asikie, kwamba mwenyekiti amesahau mila moja kubwa: bomba likifunguliwa, wajina mdogo humchotea maji wajina mkubwa, akayabeba kichwani mpaka nyumbani kwake.

Mila hiyo haikuwahi kuwepo. Ilizaliwa asubuhi ile. Ackson alijua hivyo, na kijiji kilijua, lakini mtu aliyetunga mila nane kwa pumzi moja atapata wapi uso wa kuikana ya tisa? Akatafsiri, na safari hii hakuongeza chumvi. Mgeni aliweka mikono kifuani kwa furaha.

Bibi akakaa kwenye kiti, akanyoosha miguu.

"Adeligunda," aliita, na sauti ilivuka bonde, "chota maji. Halaka."

Na Adeligunda akachota. Walimwinulia ndoo, akapanda kilima akiyumba, maji yakimmwagikia machoni na mabegani, viatu vyake vya kupandia milima vikiteleza, mpiga video akimfuata nyuma na kwaya ikiimba. Alikuwa akicheka kwa furaha ya mtu aliyepokelewa. Wazee waliomkumbuka Tusekile walianza kutetemeka mabega, mmoja baada ya mwingine, mpaka migomba yenyewe ikaonekana inacheka.

Bibi alimwongoza hadi nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililozungukwa na migomba, akamwonyesha amimine hapo. Mgeni akamimina yote. Kisha akamuuliza Ackson, kwa sauti ya chini, hapo amelala nani.

"Mwambie ni mama yangu," Bibi alisema.

Ackson akamwambia. Mgeni akapiga magoti kwenye matope, akalia tena. Bibi alimtazama, akamhurumia, maana mama wa watu hakujua na hakuwa amekosa kitu. Lakini huruma ni huruma, na ahadi ni ahadi. Akamsaidia kusimama, akamfuta tope gotini kwa kitenge chake mwenyewe, akamrudishia ndoo.

"Mwambie bado moja," alimwambia Ackson. "Mawaridi yalikuwa yanakunywa mbili."