Unga Juani

...na sasa anausambaza tena kwa kiganja, mpaka kwenye pindo za jamvi, unga wote nilionunua jana sokoni hapa Chanika, ule ulioandikwa umeongezwa virutubishi, mkwe wangu Bi Chausiku anauanika kama ule wetu wa mahindi ya kuloweka, "Hebu nusa, Zubeda, una harufu ya dawa, jua liiondoe, si unasikia watu wanasema inafunga kizazi, mie nataka mjukuu," naitika ndiyo mama, mkono wangu umo kwenye mchicha, nachambua shina lilelile... na nesi alisemaje, alisema uwekwe pakavu, kivulini, jua linaua ile dawa ya kumjenga mtoto, tena mgongo wa mtoto hufungwa mapema, kabla mama hajajua kama ana mimba, hayo aliniambia baada ya Talha, kabla nani angeniambia, Talha wangu aliyezaliwa mgongo wazi, tukamzika sijatoka arobaini, na Mfaume, baba yake, fundi wa vitanda kule Keko, mbao alizokuwa ameziranda za kitanda cha mwanawe zikaenda kufunika kaburi... na mwezi huu sijaziona siku zangu, sijamwambia mtu, naogopa hata kulitamka, "Au mie naongopa?" anauliza mama, hapana mama, huongopi, Mungu wangu, sentensi moja tu ingetosha, lakini nimechoka, nilishamweleza habari ya nesi akacheka, akasema mie nimezaa saba kwa unga wa kinu, huyo nesi wako kazaa wangapi, mkubwa haambiwi, basi nikanyamaza, nikiwa mpole nasifiwa, mkwe wangu huyu hana makuu, ndivyo anavyowaambia majirani... lakini ni uchovu tu kweli, mbona nikiutazama unga ule unavyopigwa na jua nahisi kama nafuu fulani, nafuu ya nini, ee, nafuu ya kwamba likitokea la kutokea tena safari hii yupo wa kulaumiwa, mara ile hakuwepo, walikuja kunipa pole huku macho yao yanauliza nilikula nini, nilimkosea nani, sasa wangemuuliza yeye... astaghafirullah, nimefika huku, namweka mwanangu rehani ili nipate wa kumnyooshea kidole, na kidole chenyewe nimnyooshee huyu aliyemwosha Talha kwa mikono yake, akakataa mtu mwingine asimguse, akamwosha polepole pale mgongoni kana kwamba bado anaumia, mikono ndiyo hiyohiyo, inaokota kijiti kwenye unga asije mjukuu wake akala taka, anamlinda vile anavyojua, mimi ninayejua zaidi ndiye nimekaa nachambua mchicha, "Mama," nasema, "Nambie, mwanangu," hageuki, anasambaza, kuku anasogea anafukuzwa kwa kanga, nikimwambia atakuwa anajua, na akijua itakuwa kweli, na ikiwa kweli inaweza kufa, basi na iwe kweli, "Mama, tuutoe unga juani," akaguna, anataka kuanza ya kinu na watoto saba, nami sisubiri, "mwezi huu sijaziona siku zangu," na jua ni lilelile, na kiganja chake kimetulia juu ya unga, hakisambazi tena.